Tulianza na Amina

Kama mtoto wako ametoka kwenye malaria ya kichwa na hakutoka na vitu vyake vyote, sogea, keti karibu nami. Mimi si daktari. Anayetaka kujua mdudu anaingiaje kwenye ubongo akaulize wenye makoti meupe. Mimi ni mama Mado wa Likasi, nina mdomo, na Mungu hakunipa mdomo huu wa kulia bukari tu, ule ugali wetu. Lililo baya limeshapita kwetu. Kwako labda ndiyo kwanza linaanza, kwa hiyo nisikilize.

Mado alikuwa mwaka wa pili wa shule ya msingi. Alisoma Kifaransa cha kitabuni kwa sauti mpaka majirani wakawa wanamcheka, na baba yake akirudi kazini alimwita yeye kwanza, mimi baadaye. Ilikuwa ile miaka ya tisini Likasi inaanguka. Uporaji ulishapita, maduka ya mjini yalibaki na rafu tupu, na kiwandani mashine zilikuwa zinanyamaza moja baada ya nyingine. Mume wangu aliendelea kwenda kazini na baiskeli kila asubuhi, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Mshahara ulishakuwa hadithi.

Homa ilimpata mvua zilipoanza. Asubuhi alikataa chai, mchana akatetemeka, jua linateremka macho yakageuka juu na mwili ukakaza kama kuni. Tulimpeleka hospitali juu ya baiskeli ile ile, baba yake anasukuma, mimi nimemshika kwa nyuma asianguke. Njia nzima nilikuwa ninamwita jina. Hakuitika.

Wakati wa serumu, zile dripu za hospitali, ndio ninaouita wakati wa benchi, maana tulingojea juu ya benchi. Tulikuwa akina mama wengi kwenye ule ukumbi wa wagonjwa, na kila mmoja alikuja na shuka lake, sufuria yake na balbu yake. Ndiyo, balbu! Chumba hakikuwa na taa, ila ukija na yako unaichomeka, na ukiondoka unaichomoa. Yetu ililetwa na shangazi yake Mado, Shangazi Régine, dada mkubwa wa mume wangu. Aliuza makayabu, yule samaki wa chumvi, kwenye soko la Kikula, na alikuja kila siku ananuka samaki, balbu ndani ya kitambaa, chakula kwenye bakuli. Alilala sakafuni kwa zamu yake ili mimi ninyooshe mgongo. Ninalisema hili mapema kwa sababu mbele huko nitamsema vibaya, na sitaki umchukie.

Serumu za kinini zilikwisha, Mado akafungua macho. Akanitazama kama unavyotazama ukuta. Upande mmoja wa kichwa walikuwa wamemnyoa kutafuta mshipa, mate yalimtoka, na mkono wa kulia ulikuwa umefunga ngumi isiyofunguka. Daktari akaja, akampima, akaniambia, "Mama, amepona."

"Amepona nini?" nikamuuliza.

Akanipa vidonge vya kifafa, asubuhi na jioni, na akanikataza kuvikatisha. Hapo alisema kweli, maana jioni moja nilipochelewa, Mado alianguka palepale mlangoni na kujikojolea. Tangu siku hiyo vidonge vile nilivifunga kwenye pembe ya kitenge changu.

Baada ya serumu ukaja wakati wa mafuta. Mvua yote nilimkanda kwa mawese, kidole kimoja kimoja, mpaka nguo zetu zote zikawa na rangi ya machungwa. Mvua ikaisha, baridi ya kiangazi ikaja, Mado akaanza kutembea ameshika ukuta. Nilipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna mgeni. Lakini maneno hayakurudi. Kufunga kifungo, kuvaa kiatu, kula bila kumwaga, kufanya ishara ya msalaba mbele ya chakula, vyote vilikwenda. Mtoto wa mwaka wa pili alirudi kuwa mtoto wa kubebwa, na mgongo wangu ulikuwa haumbebi tena.

Baba yake aliamua dawa ni kitabu. Alimketisha na kile kitabu cha shule, akaweka kidole kwenye neno. "Mado, soma. Hii ulikuwaka unaijua. Soma, mama." Mado alikuwa anatoa sauti puani, mm, mm, halafu analia. Naye baba anatoka nje kujaza upepo kwenye tairi ambalo limejaa. Nilimwona kwa dirisha. Pampu inapanda inashuka, machozi yanamtiririka.

Shangazi Régine naye alikuwa na dawa yake. Alishaacha parokia, akaingia kikundi cha maombi cha upande wa barabara ya Shinkolobwe. Siku moja alikaa kwangu, akamtazama Mado kwa muda, akasema, "Mama Mado, hii haiko ugonjwa tena. Huyu mutoto bamemufunga. Unipe yee nimupeleke ku maombi. Batoto banalala kule, banafunga chakula, mupaka roho mubaya inatoka."

"Na vidonge?"

"Kule hakuko bidonge. Kule kuko Yesu tu."

Nilishaona Mado akikosa kidonge kimoja. Sasa umnyime vyote, na chakula juu yake? Mimi ninasali, Mungu ananijua, lakini hiyo nilijua ni kumzika mtoto wangu. Na ujue, kwa watu wa mume wangu shangazi ni baba mwanamke. Akisema kwenye kikao cha familia, neno lake lina uzito kuliko la mama aliyezaa. Kuanzia siku hiyo nililala na hofu moja tu, kwamba atakuja kumchukua.

Habari za shule ya watoto kama Mado nilizipata kwenye foleni ya vidonge. Kulikuwa na mama mmoja, Mama Béa, mtoto wake wa kiume hakusema tangu kuzaliwa. Akaniambia, "Kuko Madame moja nyuma ya paroisse, anafundishaka batoto ya namna yetu. Lakini ujue, anafundishaka na baze." Wazee hao ni sisi wazazi. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Walimu wengi miaka ile walikuwa wameacha, lakini Madame Odile, mwanamke mfupi wa miwani na sauti ya chini, aliendelea na chumba chake kimoja. Alikuwa na sharti. Mtoto haingii kama mzazi haji Jumamosi kujifunza. Alisema mzazi asiyefundishwa anabomoa Jumapili kilichojengwa Ijumaa.

Jumamosi ya kwanza alituketisha kwenye viti vya watoto, magoti kwenye kidevu, akaleta kiatu. Akamvalisha mtoto mmoja, akaingiza kamba, akafunga, akabakiza kuvuta tu. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakavuta pamoja, na kabla kamba haijakaza akauondoa wake. Mtoto akamaliza mwenyewe. Madame akampigia makofi.

"Munaona? Hatuanze na mwanzo," alisema. "Tunaanza na mwisho. Akianza na mwanzo anachoka katikati, anashindwa kila siku. Akipata mwisho, kila siku yeye ndiye amemaliza kazi. Kesho kutwa munamubakizia vipande viwili. Halafu vitatu. Tunarudi nyuma polepole mupaka tunafika mwanzo. Na mukono wenu uondoke mapema. Hiyo njo kitu kigumu kwa mama."

Lo, wazazi walichachamaa! Baba mmoja, fundi wa baiskeli, alisimama na kile kiti kimemganda nyuma. "Madame, minye nilileta mutoto ajue kalamu. Weye unamufundisha kiatu, unamufundisha kuosha sahani. Unataka akuwe boyi ya nani?" Mwingine akasema fimbo haijawahi kushindwa. Mama Béa akasema, "Minye nikingoja avae kiatu yee mwenyewe, jua inaingia. Na soko nani ataenda?" Na mume wangu, niliyemvuta kwa nguvu, alisema neno moja tu: "Mutoto wangu alikuwaka anasoma." Akaondoka. Hakurudi tena Jumamosi.

Mimi nilibaki, lakini usidhani nilinyamaza. Madame alikuwa akiwafundisha watoto kula na uma. Nikanyoosha kidole. "Madame, mu nyumba yetu forchette iko moja, na inatobolaka tu kopo ya maziwa. Mutoto akijua forchette, atakula na nani? Mufundishe bukari na mukono." Chumba kikacheka, naye akacheka mpaka akavua miwani. Kufika Jumatatu, uma zile hazikuonekana tena. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema mwalimu ndiye anajua njia na mzazi afuate, waambie mama Mado amekataa. Madame alijua njia, sisi tulijua nyumba zetu.

Tukaanza bukari kutoka mwisho. Kwanza ninakata mimi, ninafinyanga, ninatia shimo kwa kidole gumba, ninachovya kwenye mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo, mkono wangu juu ya wake tunaelekea mdomoni, na karibu na mdomo ninaachia. Baadaye akachovya. Baadaye akatia shimo. Ilipofika kufinyanga, ile ngumi yake ya kulia ilibidi ifunguke, na ikafunguka! Mawese ya mvua nzima yalikuwa yameilainisha, lakini bukari la moto ndilo liliifungua. Nilimwita kila jirani aje kutazama mtoto akila. Wengine waliniona nimerukwa na akili. Waache.

Halafu ukaja ule msalaba. Wazo hilo ni langu, si la Madame, na ninalisema bila haya. Mezani kwetu hakuna anayegusa chakula kabla ya kufanya ishara ya msalaba, na Mado alikuwa anatutazama mikono yetu inavyokwenda. Nikajisemea, kama bukari limerudi kutoka mwisho, sala kwa nini isirudi? Nikamshika mkono: paji la uso, kifua, bega, bega, halafu viganja pamoja. Kipande chake kilikuwa viganja tu, na neno la mwisho. Nilisema yote, nikifika pale ninanyamaza, ninamngoja. Chakula kilipoa siku nyingi. Wadogo zake walinung'unika, baba yake alitazama sahani yake. Hatimaye mchana mmoja, mvua za pili zimeshaanza, nilinyamaza pale ninaponyamaza, na Mado akasema, "Ami."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu homa. Nilitoka nje, nikacheza peke yangu kwenye matope, mwiko mkononi.

Tukarudi nyuma kipande kwa kipande. Bega la pili, la kwanza, mpaka akawa anaanzia "na la Mwana" na kumaliza peke yake. Kilibaki kipande kimoja tu, "Kwa jina la Baba", ambacho nilikuwa bado ninamshika mkono na kumsemea mimi. Madame alinionya nisiharakishe. Hapo ndipo Shangazi Régine alipotukuta mezani, kapu la makayabu kichwani. Aliona ninamshika, ninamwachia. Akauliza. Na mimi kwa furaha zangu, mdomo huu, nikamweleza yote kuanzia Amina.

Kapu liliteremka polepole. "Mulianza sala na Amina?"

"Ndiyo. Halafu tunarudi nyuma."

"Kinyumenyume?"

"Njo namna ya masomo yake, yaya," nikasema, kama tunavyowaita dada wakubwa.

"Mama yangu! Mama Mado! Balozi, bale bachawi, njo banaombaka kinyumenyume!"

Nilijua nimekwisha. Kwetu hata mtoto anajua hilo: mlozi, yule mchawi, huingia nyumba ya watu mgongo kwanza, hucheza kurudi nyuma, husema maneno ya Mungu kuanzia mkiani. Na mimi nilikuwa nimemwambia shangazi, kwa kinywa changu, tena ninacheka, kwamba shuleni wanafundisha hivyo. Hakula. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yao mkubwa, Baba Mkubwa Donatien, na kikao kikaitwa Jumapili baada ya misa.

Walijaa sebuleni kwangu. Shangazi alikuwa amekuja na kitenge kipya cha kumbebea Mado, amekikunja mapajani. Alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema alilala sakafuni kwa ajili ya mtoto huyu, na ni kweli. Alisema hatamwacha apotee kwenye shule ya kilozi, na machozi yake yalikuwa ya kweli pia. Nikasimama kujibu. Baba Mkubwa akaninyooshea mkono niketi.

"Maneno ni mengi," alisema. "Mutoto iko hapa. Asali. Akisali muzuri, anabaki. Akisali kinyume, anaenda na shangazi yake leo leo."

"Lakini mama yake asimuguse!" akasema Shangazi. "Na asifungue kinywa. Yee njo anamutiaka ile maneno."

Baba Mkubwa akakubali. Jamani! Kipande cha kwanza kilikuwa changu. Bila mtu wa kumwanzia, Mado hakuwa na pa kuanzia. Nilimtazama mume wangu. Yeye hakuipenda shule ile hata siku moja, alikuwa bado anakitunza kile kitabu chini ya mto. Nilijua akinyamaza tu, mtoto amekwenda, na vidonge vyangu vitabaki kwenye pembe ya kitenge.

"Mado, sali," akasema Baba Mkubwa.

Mado alisimama katikati ya watu wazima na gauni lake la misa. Aliinua mkono mbele yake, ukabaki hewani. Akanitazama. Nilikuwa nimekaza meno mpaka masikio yanalia. Mkono unangoja. Watu wakaanza kutazama chini.

"Munaona?" akasema Shangazi, na akaanza kukunjua kitenge.

Mume wangu akasimama. Alipiga goti moja sakafuni, akaushika ule mkono kwa vidole viwili, akaupeleka kwenye paji la uso. "Kwa jina la Baba," alisema. Akaachia. Aliachia palepale panapotakiwa, mapema, kabla mtoto hajategemea.

Mkono wa Mado ukashuka kifuani. "Na la Mana." Ukapanda begani. "Na la Ro'o." Bega la pili. "Takatifu." Viganja vikakutana. "Amina!" Hiyo ya mwisho aliipiga kwa nguvu, maana ndiyo aliyoijua siku nyingi zaidi.

Nilimuuliza mume wangu baadaye nani alimfundisha kuachia vile. Akanijibu, "Minye niko kipofu? Kila siku njo nakula ku ile meza."

Baba Mkubwa alijikuna shingo. "Hii njo ile ya kinyume? Minye nimesikia ya mbele."

"Ni baba yake alimuanzishia!" akasema Shangazi.

"Na weye Régine, nani alikuanzishaka? Si mama yetu alikukamataka mukono?"

Watu walikuwa wanaanza kucheka, na mimi nilikuwa tayari nimesimama kumkumbatia mtoto wangu, lakini Mado hakuja kwangu. Labda kwa lile swali alidhani sasa ni zamu ya shangazi yake kuanzishiwa. Alimwendea, akasimama mbele ya magoti yake, akaushika mkono wake wa kulia, ule unaonuka makayabu, na kuuinua mpaka kwenye paji la uso wa Shangazi. Akaubana pale. Akangoja mtu aanze. Hakuna aliyeanza.

"Jina la Baba," akasema Mado.

Kipande kile hakuwahi kukisema. Wala mimi, wala Madame, hakuna aliyekuwa amemfikisha hapo. Halafu akafanya kama alivyofanyiwa yeye. Akauachia mkono mapema, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Shangazi usoni.

Mkono wa Shangazi Régine ulibaki pale kwenye paji. Tangu aingie kwenye maombi yake hakuwa amefanya msalaba, alisema ni mambo ya sanamu. "Na la Mwana," alisema, sauti imekatika, na mkono ukashuka. "Na la Roho Mutakatifu." Akafika mwisho, akakunja viganja juu ya kile kitenge, akalia wazi mbele ya kaka zake.

"Amina," walisema pamoja, yeye na mtoto.

Na Mado akampigia makofi.